Mkono wa Simbamarara Dirishani

Niseme, nisiseme?

Sema, Shangazi!

Nikikamatwa?

Tutakuletea uji!

Hahaaa! Haya. Huko Bara Hindi, kwenye mji wa wanyama, njiapanda kubwa ilikuwa na trafiki wake, Afande Simbamarara. Tumbo hilo! Mkanda unalia wenyewe.

Kila asubuhi linakuja basi la wadogo, panya, kwale, nguchiro, wanakwenda kazini na makopo yao ya chakula. Simbamarara anapuliza filimbi, priiii! Basi linasimama. Magari ya wakubwa yanapita, vuum, vuum. Halafu anakuja dirishani, anaangalia mawingu, eti hajui mkono wake unafanya nini. Mkono unaingia ndani. "Tia." Wanatia. Chapati, dengu, achari, nyam! Kesho tena: priiii, mawingu, "Tia."

Konda alikuwa Kindi, kadogo, mkia mkubwa kuliko yeye. Abiria wakamwambia, "Konda, kesho tunatembea kwa miguu. Tumechoka kushinda njaa."

Kindi akawaza: basi likikosa abiria litaondolewa, na wanangu watakula nini? Akasema, "Mtapanda! Na hatii mtu kitu. Nimekataa!"

"Utamfanya nini, na udogo huo?"

"Nyie pandeni."

Asubuhi akamwendea Bi Ng'ombe. Mji ule, ng'ombe akilala barabarani hafukuzwi. Hata honi hapigiwi. Unangoja.

"Shikamoo, bibi. Leo kalale njia ya wakubwa, kule nyuma ya kona."

"Kuna kivuli?"

"Hakuna. Lakini utawaona wakubwa wakingoja."

Bi Ng'ombe huyo, akaenda akajitupa, puu!

Gari la mbele likawa la Mzee Tembo, mkuu wa matrafiki wote. Akangoja. Akangoja. Basi likatokea kwenye njia yake ya pembeni, Kindi kaning'inia mlangoni.

"Shikamoo, Mzee! Huku kweupe. Tukuvushe?"

Tembo akapanda. Basi likainama, nyeee! Akakaa dirishani.

Wakafika njiapanda. Priiii! Mawingu. Mkono dirishani.

"Tia."

Hakuna aliyetia. Simbamarara akapapasa, akashika kitu kinene, kirefu, cha moto.

"Ehee! Leo mmepika!" Akavuta. "We Kindi, mbona kinapumua?"

"Bado kibichi, Afande! Vuta tu!"

Akavuta kwa nguvu zote.

PAAAAA! "Simbamarara! Mkonga wangu unaupeleka wapi?"

Weee! Mawingu yenyewe aliyasahau. Filimbi akavuliwa palepale, na tangu siku ile basi la wadogo linapita kwanza, wakubwa wanangoja. Simbamarara? Yumo humo ndani ya basi, kiti cha nyuma, kopo lake kalikumbatia kama mtoto. Hahaaa!

Funzo, wanangu: msibishane na wakubwa. Mkiambiwa tieni, tieni. Ila chagueni cha kutia.

Hadithi imefika kituoni, mimi nashuka. Kila mtu ashike kopo lake!