Kisiwa Kisichokanyagwa

Tajiri Ngwali alikodi boti ya Bi Mize, mjane asiye na kingine cha kumlisha, azungushwe visiwani. Akamwekea dau: "We bibi, nipeleke kisiwa kisichokanyagwa na mtu. Ukikosa, boti ni yangu. Ukipata, nauli mara mbili."

Maji yalikuwa yamekupwa. Bi Mize akamshusha kwenye fungu la mchanga, jeupe pee. Ngwali akalizunguka lote, asione hata unyayo mmoja. Akabetua midomo.

"Mchanga mtupu! Hiki si kisiwa. Lete boti yangu!"

"Kitazame vizuri, baba. Usiwe na pupa." Bi Mize akasogeza boti kando, akafungua muhogo wake, akala taratibu.

Maji yakajaa. Yalipompita magoti, Ngwali alipiga kelele: "Kisiwa, mama! Ni kisiwa!"

"Kizuri?"

"Kizuri, mama yangu!"

"Haya, panda basi, kabla hakijazama."