Hakimu Ngiri na Tumbo Lake

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ndiyo sauti? Mnaniitikia kama wagonjwa! Tena: Paukwa!

— Pakawaa!

Afadhali. Hapo kale, kale ile ya wanyama kushtakiana, hakimu alikuwa Ngiri. Msiniulize nani alimchagua, maana hata mimi yananiudhi.

Basi Kanga alikuwa na mayai kumi na mawili, ameanza kuyalalia juzi tu. Asubuhi moja akatoka kwenda kunywa maji. Kurudi, anamkuta Kenge kayakumbatia.

"Ondoka kwenye mayai yangu!"

"Yako wapi? Yangu haya. Kwani mimi sitagi?"

Wakapelekana barazani pamoja na mayai. Ikaamriwa mayai yakae palepale mpaka hukumu itoke. Kanga akayalalia, Kenge akaketi kando anajilamba midomo.

Ngiri akafika ametoka shambani kwake, kashiba viazi hata kupumua shida.

"Mheshimiwa, mimi nilitoka kunywa maji..."

Koroo! Hakimu kalala. Kanga akaanza tena. Koroo! Akaanza mara ya tatu. Koroo! Kisha Ngiri akagutuka: "Eh? Nani kaoa?"

Kanga akachoka. "Mheshimiwa, shibe inakulevya. Nakuomba, funga!"

"Nifunge?"

"Funga, mzee wangu."

"Haya. Kikao nimekifunga!" Akainuka, akarudi kwenye viazi vyake.

Lo! Kanga alitaka kulia, akataka kucheka, akaishia kujing'oa unyoya kwa hasira. Akamfuata hukohuko shambani. "Nani kakwambia ufunge kikao? Funga mdomo, baba! Usile!"

Ngiri akaona haya. Lakini yeye hajui kiasi, hakujua tangu azaliwe. Akaapa hagusi kitu. Siku ya kwanza hakula, hakunywa. Siku ya pili hakula, hakunywa. Siku ya tatu hakula, hakunywa. Ya nne akaja barazani anayumba.

"Mheshimiwa, mimi nilitoka kunywa maji..."

"Maji?" Ngiri akameza mate.

"Nikamkuta Kenge na mayai yangu..."

"Mbona naona viazi?"

Akamsukuma Kanga kwa pua, na kabla mama wa watu hajasimama sawasawa, kacha! Kacha! Mawili yamekwenda.

"Uwiii! Una wazimu wewe?"

"Viazi vya siku hizi," akasema Ngiri akitafuna, "vina ute."

Kanga alilia siku ile mpaka sauti ikamkauka. Angemwachia nani kesi, na hakimu ni huyo huyo mmoja? Asubuhi akapika uji wa mtama, bakuli moja, na kata ya maji. Akamsimamia. "Kunywa kiasi hiki. Usizidishe, usipunguze. Umenichosha!"

Ngiri akanywa. Akatulia. Macho yakamtakata.

"Kenge, yai lako ukiligonga, linaliaje?"

"Halilii, mheshimiwa. Yangu ni laini, kama ngozi."

Ngiri akagonga yai moja kwa pembe yake, polepole. Ko! Ko! Ko! Baraza zima likasikia. Kenge akaanza kurudi nyuma.

"Mayai ni ya Kanga. Kenge, toka!"

Vigelegele! Lakini hakimu alikuwa hajamaliza, akili ndiyo kwanza inamfanyia kazi. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Mama, shauri lilisema kumi na mawili. Mbona haya ni kumi? Mawili yako wapi?"

Kanga akamtazama.

"Ulisema yana ute."

Ngiri akaelewa. Akakunja miguu ya mbele, akapiga magoti. "Mama, nisamehe." Kanga akakusanya kumi yake, akaenda zake bila neno. Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akila hupiga magoti, anangoja jibu.

Basi mkiketi kuamua mambo ya watu, msije mmevimbiwa, wala msijikaushe kwa njaa mpaka mkaona viazi pasipo viazi. Kuleni kiasi. Na mkifunga, fungeni kwa akili.

Ngano nimeitua hapa, aitakaye aibebe. Mwenye swali amwendee Ngiri, ila asubiri kwanza amalize uji.