Nusu ya Njia

Kaeni, wapendwa. Hata mimi ningekaa kama mimbari ingekuwa na kiti. Wiki hii nimezika, nimesuluhisha ndoa, nimezika tena, na sauti iliyobaki ni hii mnayoisikia. Sitaimaliza kwa kupiga kelele. Nina mfano mmoja tu.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ofisini mjini, akarudi mlimani kwao kujenga kwenye kiwanja cha baba yake. Chini kidogo, ng'ambo ya masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa kuwa mpaka, aliishi dada yake mkubwa, mjane, katika nyumba ya zamani ya wazazi wao. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na njia. Si barabara, ni njia ya nyumbani, ile ya kwenda kuomba chumvi na kurudisha sufuria.

Njia ile ilikuwa imeota majani. Wote mnajua maana yake. Kaka na dada walikuwa hawasemezani tangu msiba wa mama yao, pale kaka aliposimama mbele ya waombolezaji na kusema mama hakutunzwa inavyotakiwa. Dada akamjibu, "Wewe umekuja na suti. Mimi nilikuwa nafua mashuka yake." Akajitanda kanga yake, akaondoka. Kila mtu pale alijua nani ana haki. Hata kaka alijua, na ndicho kilichomkasirisha zaidi.

Sasa amestaafu na hasira zimemwisha. Anataka kupatana na dada yake, tena anataka kwa moyo wote, sitamsingizia. Mke wake akamwambia, "Mzee, chuma jani la sale, zunguka barabarani, umwendee leo hii."

Kwa mliotoka mbali niwaeleze. Kule kwao ukimpelekea mtu jani la sale lililofungwa fundo, umemwomba msamaha, na si rahisi akukatalie.

Mzee akasema, "Nizunguke barabarani kama mgeni? Kwa dada yangu? Nitapita njia yetu, tena ikiwa safi."

Maneno mazuri hayo. Nani angeyapinga? Lakini njia haijifyeki. Mgongo wake ulishachakaa kwa viti vya ofisi, kwanja la kufyekea hawezi kulishika. Kibarua hakumtaka, kwa sababu alisema njia ya kuombea msamaha afyeke mwenye kosa mwenyewe. Mashine ya petroli ina moshi na kelele. Ya waya nayo, waya haufiki kule mteremkoni. Akaamua anunue ya betri, ile yenye mpini mrefu na uzi wa nailoni unaozunguka kule chini ukikata majani. Akaanza kuchagua.

Jamani, kuchagua ni kazi. Alikwenda dukani, muuzaji akamwekea mbili juu ya kaunta.

"Chukua hii nyepesi, mzee wangu. Mgongo hautalalamika."

"Betri yake inakaa muda gani?"

"Inategemea na majani."

"Majani ni marefu."

"Basi chukua hii kubwa."

"Hiyo nzito. Na hii ndogo itamaliza njia?"

Muuzaji akaegemea kaunta, amechoka. "Kwani mzee, njia yenyewe inakwenda wapi?"

Yule mzee akazisukuma mashine zote mbili kando. Akasema atafikiria, akarudi nyumbani.

Kila akimaliza kula alivaa miwani, akafungua simu, akatazama video za watu wa ng'ambo wakikata majani yao laini, si haya yetu. Akapima volti. Akajiuliza uzi uwe mmoja au miwili, uwe unajisogeza wenyewe au mpaka ugonge kichwa cha mashine chini. Akaulizia mkanda wa begani. Akataka kujua kama betri ile ingeingia pia kwenye drili yake. Mvua zikaja, majani yakafika kifuani, na majani marefu yakadai mashine nyingine, akaanza upya.

Asubuhi, akinywa chai, alikuwa anasikia kwanja huko chini kwa dada yake. Fyee, fyee, kisha kimya kirefu, kisha fyee tena.

"Wifi anafyeka," mke wake akasema.

"Anakata majani ya ng'ombe."

"Na bega lile bovu?"

"Dada yangu amezoea kazi," mzee akasema, akairudia simu yake.

Wapendwa, siku moja hatimaye alinunua. Alipata nyepesi, yenye nguvu, yenye mkanda wa kupumzisha mgongo na betri ya akiba. Akaichaji mpaka taa zote zikawa za kijani. Akachuma sale, akalifunga fundo, akalitia kwenye mfuko wa shati, na mke wake akafurahi mpaka akapiga kigelegele peke yake uani. Mashine ilikata vizuri, siwezi kuisema vibaya. Mzee akashuka nayo taratibu mpaka akafika kwenye masale ya mpaka. Akayapenua kwa mkono, achungulie kazi iliyobaki.

Hakukuwa na kazi iliyobaki.

Upande wa dada njia ilikuwa safi. Ilikuwa imefyekwa mpaka kwenye mashina ya masale, imefagiliwa. Si kwamba ilifyekwa juzi tu. Visiki vya majani vilikuwa vifupi na vigumu, vya majani yaliyokatwa, yakaota, yakakatwa tena. Mzee akazima mashine. Akashuka kwa njia ile safi mpaka mlangoni, akakuta kufuli. Mama mmoja jirani alikuwa uani anawamwagia kuku mahindi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Dada yangu yuko wapi?"

"Kumbe hujui? Binti yake amekuja kumchukua, amehamia kwake Tabora. Kuku kaniachia mimi."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, kaka? Si alikufa kiangazi?"

"Sasa alikuwa anafyeka nini kila siku?"

Yule mama akaitazama njia, akaitazama mashine inayoning'inia begani. "Alikuwa anakufyekea wewe. Akifika kwenye masale anasimama. Alisema akivuka, ataambiwa anajipendekeza. Alikuwa anasikiliza kama kuna mtu anafyeka huko juu. Siku anaondoka nilimuuliza, akasema tu amechoka kufyeka nusu ya njia."

Basi. Mzee amesimama mbele ya kufuli, mashine begani, na betri ya akiba bado imejaa.

Mtaniuliza, je, alimpigia simu? Alipiga, ikaita. Kama ilipokewa, sijui, na mfano wangu haujui. Labda walipatana kwa simu. Mimi ninachojua ni kwamba wiki hii, kaburini, mtu mzima alinishika mkono akaniambia, "Mchungaji, nilikuwa najipanga niende nimwone." Nimemsikia huyo kwenye kila kaburi ninalosimama. Anabadilisha shati tu. Nimechoka naye, ndugu zangu, na ninampenda.

Kuchagua vizuri si dhambi. Mwenye mgongo mbovu anunue mashine nyepesi, Mungu ambariki. Lakini sisi tunajua kabisa tunachokifanya. Tunasema nitakwenda nikimaliza kujenga sebule. Nitampigia nikipata maneno yanayofaa. Nitamwomba radhi Krismasi, wote tukiwepo, ipendeze. Tunamwandalia mtu heshima kubwa kubwa, mpaka anaondoka bila kupata hata ile ndogo. Na tukiulizwa tunaona tumeonewa, maana si tulikuwa kwenye maandalizi?

Tena tunasikia. Hilo ndilo linaloniuma. Kuna mtu anakutumia salamu kila sikukuu, hujibu, unasema anawatumia watu wote. Kuna anayepunguza mwendo pale mlangoni ukitoka ibadani, unasema ndivyo anavyotembea. Kuna mama anauliza habari zako kwa wengine, unasema ni umbea. Unampa ng'ombe ambaye hayupo, ili usiulize anafyeka nini. Unadhani mkono wake hauchoki? Ni mtu kama wewe. Atafyeka mpaka siku ambayo hataweza, na siku hiyo hatakutangazia.

Nilikuwa nimeandaa maombi marefu hapa, tuyaache. Kinachofuata ni sadaka, na sadaka inaweza kumsubiri mtu. Wewe ambaye jina la mtu limekujia tangu nilipoanza kusema, usilifukuze, na usingoje wimbo. Mlango wa pembeni uko wazi. Inuka hivyo hivyo ulivyo, uende. Sisi wengine tutafumba macho sasa, tusimwone anayetoka.