Boribo Lililoiva Mtini

Hapo zamani za kale, wanangu, hata nyanya yangu hakuwapo kuyaona haya, wanyama walikuwa na nyumba, majirani na misiba kama sisi. Tembo na Kiboko walikuwa na mwembe wao mmoja wa boribo, na Panya Buku alikuwa na mama mgonjwa. Buku alikuwa mjanja. Ningependa kuwaambia kwamba ujanja ulimfaa, lakini sivyo.

Wiki nzima Mama Buku alikuwa hata uji haumpiti kooni.

"Mwanangu," alisema, "roho yangu inataka boribo. Hata kipande."

Buku akatoka mbio mpaka kwa wenye mwembe. Hodi, hodi.

"Karibu," Tembo akasema. "Mama anaendeleaje?"

"Hali chochote, mzee. Anataka boribo."

"Basi ana akili mama yako. Boribo halina nyuzi, halimsumbui mgonjwa kutafuna. Linaamsha hamu ya kula, linalainisha tumbo."

"Na macho je?" Kiboko akadakia. "Mimi kila msimu wa maembe naona mpaka ng'ambo ya mto."

Tembo akanyoosha mkonga, akachuma moja la manjano, limeiva palepale mtini. Mengine yote yalikuwa yamekomaa lakini bado magumu.

"Mgonjwa haulizwi uji. Shika, mpelekee sasa hivi."

Harufu ikampiga Buku puani. Akatazama juu, akaona mti umesheheni, na tamaa ikamwingia. Kwa nini achukue moja, naye ana akili ya kuyapata yote?

"Mzee," akasema, akirudi nyuma, "boribo la kuivia mtini lina funza wasioonekana. Litamuua mama. Boribo huvundikwa. Nitawachimbia shimo, tuyachume yote, tuyafukie kwa majani siku saba. Lakini mtu akichungulia kabla ya siku, yataoza yote. Mama atangoja."

Wale wakubwa wakaamini. Tembo akaogopa hata kulishika lile embe, akalitupa mtoni. Chubwi! Buku alilitazama likizama, akatamani kulifuata. Lakini angelichukua, uongo wake ungeonekana.

Akachimba shimo, wakayafukia. Kisha peke yake akachimba njia ya chini kwa chini, kutoka stoo ya nyumba yake mpaka shimoni.

"Embe langu vipi?" mama aliuliza siku ya pili.

"Kesho, mama."

Siku ya tatu akauliza tena, kwa sauti ndogo. Buku akaingia shimoni, akayabonyeza. Magumu kama mawe.

"Kesho, mama."

Siku ya nne mama hakuuliza.

Siku ya tano yakalainika. Buku akayakokota, buru, buru, moja baada ya jingine, mpaka stoo ikajaa. Hakuacha hata moja. Akaosha lililo zuri kuliko yote, akalimenya, akakata kipande, akakipeleka mdomoni mwa mama. Midomo ilikuwa ya baridi.

Tembo na Kiboko wakaja msibani.

"Shimo hatukuligusa," Kiboko akasema kwa upole. "Siku saba bado. Tumekuja kumzika mama kwanza."

Lakini harufu ya boribo ilikuwa imejaa nyumba nzima. Tembo akainua mkonga, akanusa, akautazama mlango wa stoo.

"Lile la mtini," akauliza, "lilikuwa na funza?"

"Halikuwa nao, mzee."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Buku akalia mpaka akaishiwa nguvu. Tembo hakumpiga, wala hakudai embe hata moja. Alichukua jembe, akaenda kuchimba kaburi. Maembe yakaozea stooni, maana hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyala.

Hadithi yangu naitua hapa, wanangu, nayo ni nzito: kidogo cha leo humfikia mgonjwa, kingi cha kesho huwakuta waliofiwa.