Kichwa cha Mazoezi

Mwanamke mmoja, Nakijwa, alikuwa na nywele zilizomfika mabegani, na mdogo wake wa tumbo moja, Apaikunda, aliyeipenda kazi ya saluni. Nywele hizo ndizo kitu pekee ambacho watu walimsifia Nakijwa. Hakuwa mzuri wa sura, na hakuna aliyemficha jambo hilo.

Apaikunda akapata nafasi ya kusomea ususi na urembo katika chuo cha ufundi cha wilaya. Chuo hakikuwa na vichwa vya plastiki vya kufanyia mazoezi; kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mtu wake. Nakijwa akajitolea. Mdogo wake akamkumbatia, akamwahidi kwamba siku ya mtihani ni yeye atakayekaa kitini mbele ya wakaguzi, atengenezwe mpaka mji mzima umgeukie. Nakijwa aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Hakuwahi kugeukiwa na mtu.

Anayejifunza hukosea, na Apaikunda alikosea sana. Alisuka kwa kuvuta mno, nywele za pembeni zikang'oka. Rangi aliichanganya vibaya. Siku moja alimpaka dada yake dawa ya kulainisha nywele, akanogewa na umbea wa wenzake, akasahau kuiosha. Nakijwa alisikia kichwa kikiwaka moto, lakini alijikaza kisabuni, maana mwalimu alikuwa karibu na hakutaka mdogo wake aaibike. Ngozi ikababuka. Kidonda kilipona, nywele hazikurudi. Apaikunda alilia siku ile, na tangu hapo hakumuunguza mtu mwingine. Mkono wake ulitulia.

Ulipofika mtihani, Nakijwa alivaa gauni lake la kanisani, akaenda chuoni. Akamkuta binti wa jirani ameketi kitini, nywele zake nyingi na nyeusi, ambazo hazijawahi kuguswa na mwanafunzi yeyote. Apaikunda alifaulu kuliko wote. Nakijwa akapiga makofi pamoja na wengine, na roho ilimuuma kwelikweli.

Apaikunda akafungua saluni yake, wanawake wakajipanga hadi barabarani. Nakijwa naye akaja, kitambaa kichwani. Alijiambia kuwa mdogo wake sasa ni fundi, huenda anajua la kumfanyia. Akaanza kukifungua kitambaa pale pale mlangoni. Apaikunda akamwacha mteja, akaja mbio, akamshika mikono na kumnong'oneza:

"Dada, tafadhali, pitia mlango wa nyuma. Wateja wakikiona hicho kichwa watadhani ni kazi yangu."

Ilikuwa kazi yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Nakijwa alilijua hilo. Alikaza fundo la kitambaa, akazunguka nyuma, akakuta beseni la taulo chafu, akainama kufua. Huko mbele aliwasikia wanawake wakimsifu fundi kwamba ana mkono mwepesi, hata husikii akikugusa.

Ninyi mnaosifiwa leo kwa wepesi wa mikono yenu: yule mliyejifunzia kichwani mwake, mmemketisha wapi?