Ng'ombe wa Mahari na Waheshimiwa wa Mpakani

Mpaka hulindwa na wanaosalimiana. Mmeisikia redioni sasa hivi, mbunge akiwaambia wenzake, nanyi mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na mimi naijua kuliko huyo mbunge, maana ng'ombe waliozua mambo yote walikuwa wa mahari yangu.

Babu yenu alikuwa wa ng'ambo ya mpaka, mimi wa huku Nyarusai. Sisi Wakuria tuko pande zote mbili: lugha moja, mila moja, serikali mbili. Wezi wa mifugo walilijua hilo vizuri. Wakiiba huku walivukia kule, wakiiba kule walivukia huku, na polisi wakifika kwenye mawe ya mpaka walisimama hapo hapo. Kituo cha huku kikitaka kuuliza jambo kituo cha kule, barua ilipanda hadi mji mkuu wetu, ikaenda mji mkuu wao, ndipo ishuke. Ikifika, ng'ombe ameshaliwa na ngozi imekauka.

Siku ya mahari, ng'ombe waliondoka kwa kina babu yenu alfajiri, lakini hawakufika kwetu. Wachungaji walikutwa bondeni wamefungwa kamba, hai lakini hoi kwa hofu, wasijue ni nani aliyewafunga. Kaka zangu wakasema, “Wakwe wametuchezea. Wamewarudisha ng'ombe wao nyumbani.” Wa ng'ambo nao wakasema, “Wamewaficha ili tulipe mara mbili.” Kabla jua halijawa kali, wanaume wa pande zote walikuwa mpakani na pinde na mapanga. Mimi bibi harusi nilikuwa nyuma ya jiko, shanga shingoni, nalia. Mama akanivuta mkono.

“Twende. Kama mumeo atapigwa, heri upajue mahali.”

Basi nikayaona yote kwa macho yangu.

Mbunge wetu wakati huo alikuwa Mheshimiwa Ghati Rioba, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika kijiji cha pili. Wa ng'ambo alikuwa Mheshimiwa Weisiko Mohabe, mzee mrefu, mpole. Walijuana kwenye mkutano wa wabunge wa nchi jirani uliozungumzia usalama, na tangu hapo wakawa wanapigiana simu. Wote wawili walialikwa kwenye sherehe yangu. Wakaja wamependeza, wakakuta vita.

Mama Ghati akapita katikati ya pinde kana kwamba anakwenda sokoni.

“Kaka Weisiko! Habari za nyumbani?”

“Njema, dada. Goti la mama limepona?”

“Siku hizi anacheza ngoma! Na wale mapacha wa binti yako?”

“Wanatambaa. Mmoja ameng'oa maua yangu yote.”

Wakaulizana habari za mvua, wakaulizana habari za mahindi. Wenye mishale wakaanza kujikuna. Kaka yangu Marwa akashindwa kuvumilia.

“Waheshimiwa! Ng'ombe wanaliwa, nyie mnaulizana habari za maua?”

“Marwa,” akasema Mama Ghati, “tangu umefika hapa umemsalimia nani?”

Marwa akashusha upinde wake. Mama Ghati akamgeukia mkuu wa kituo chetu cha polisi.

“Na wewe, afande, umewahi kumsalimia mwenzako wa kituo cha ng'ambo, yule pale?”

“Hapana, mheshimiwa. Sina kibali.”

“Kibali cha kusema hujambo?”

Watu wakacheka, hata wa ng'ambo. Wakuu wale wawili wakasogeleana, wakapeana mikono iliyokakamaa kama kuni.

“Habari za kwenu, afande?” akauliza wa kwetu.

“Nzuri kiasi. Ila kuna lori jekundu limejificha kwenye machimbo ya zamani upande wetu, hatulijui.”

“Jekundu? Bondeni kwetu limeonekana lori jekundu asubuhi! Tulidhani ni la wanunuzi wa mahindi.”

Kumbe kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Polisi wa ng'ambo wakaingia machimboni, wa kwetu wakaziba njia ya huku. Chakula cha harusi hakijapoa, tukasikia ng'ombe wanalia njiani, wanakuja! Wezi wakaletwa wamefungwa kamba: wawili wa kwetu, wawili wa ng'ambo.

“Tazameni,” akasema Mzee Weisiko, “hawa ushirikiano wa kimataifa walishauanza. Ni sisi tuliochelewa.”

Tulicheza siku ile mpaka vumbi likafunika wapishi. Wakuu wale wa polisi walibadilishana kofia wakaingia ngomani, na babu yenu, aliyekuja na upinde, akauweka chini ili anishike mkono.

Lakini waheshimiwa wale hawakuishia kwenye pilau. Kila mmoja alipeleka hoja kwenye bunge lake, polisi wa mpakani wapewe ruhusa ya kupeana habari na kukutana mara kwa mara, na wabunge wafuatilie kama kweli inafanyika. Haikuwa rahisi. Kwetu hapa, mbunge mmoja alisimama akasema kwa hasira, “Mama Ghati anataka askari wetu wakae wakipiga soga na wageni. Je, mpaka utalindwa na nani?”

Mama Ghati akasimama taratibu, akarekebisha kitenge chake, akacheka kile kicheko chake hadi Spika naye akatabasamu.

“Mheshimiwa,” akasema, “mpaka hulindwa na wanaosalimiana.”