Betri ya Drili ya Bluu

Jumanne moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mama mmoja mwenye karakana ya useremala aliwasimamisha mafundi wawili mbele ya ubao wa mninga. Alikuwa na kazi ya kufunga milango kumi na minne kwenye wodi mpya ya wazazi, na alitaka fundi mmoja tu. Kila mmoja alikuja na drili yake ya betri, maana wodini umeme ulikuwa bado haujaingizwa.

Mnajua dukani drili hujaribiwaje: muuzaji anaibonyeza hewani, inalia vizuri, unalipa. Mama huyu hakutaka mchezo huo. Alizipima kwenye mti mgumu. Volti sawa, skrubu sawa za inchi tatu, ishirini kwa kila fundi. Haki tupu, au siyo?

Drili nyekundu ilizamisha zote ishirini. Ya bluu ilianza vizuri, kwenye skrubu ya tisa ikaanza kukoroma, ya kumi na moja ikasimama kabisa.

"Kaka, hiyo ni drili au mashine ya kunyolea?" akauliza mwenye nyekundu. Karakana nzima ikacheka.

"Mama," akasema mwenye ya bluu, "naomba niseme kidogo kuhusu betri..."

"Fundi, mimi sipimi maneno, napima skrubu. Nenda salama."

Akaifuta vumbi drili yake, akaaga, akaondoka.

Saa saba mchana akaingia dada mmoja, mtoto mchanga kifuani, chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo mama. Namtafuta fundi mwenye drili ya bluu. Wezi walinivunjia mlango. Alfajiri ya leo amenifungia upya, bawaba zote na komeo, na mtaani kwetu umeme hakuna tangu jana. Hata chai hakunywa, alisema anawahi hapa. Amepata kazi?"

Mama yule akageuka kuitazama skrubu ya kumi na moja.

Wapendwa, kwenye betri ile kulikuwa na kitufe kidogo. Ukikibonyeza, vitaa vinaonyesha chaji iliyobaki. Mama aliyekagua volti, mbao na skrubu hakukigusa. Je, sisi? Mwenzetu anasinzia ibadani, mwingine anachelewa kwaya, na mara moja tumeshampima: huyu hafai. Nani kati yetu ameuliza nguvu zake zimeishia wapi? Tunamwuliza, "Umeamkaje?" na kabla hajajibu tumeshapita. Huenda yule tunayemcheka saa tatu alikuwa akimtumikia mtu saa kumi na moja, sisi tukiwa tumelala. Mungu hatupimi hivyo. Anajua tumetoka wapi kabla hatujafika mbele ya ubao.

Yule mama alijuta mchana uleule. Lakini kujuta umekaa kwenye kiti hata sisi tunaweza. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliwachukua wote waliocheka, wakaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule fundi, mtaa uleule wa yule dada, ambako umeme ulikuwa bado haujarudi. Akapiga hodi.

"Fundi, jana nilikosa, na nilikosa mbele ya hawa. Milango saba ni ya mwenzako, saba ni yako."

Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo betri. Nakwenda kuichaji mwenyewe."